Nyoka Hasusi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kumpambanua nyoka wa nyumba, yule wa hudhurungi mwenye mistari ya weupe kila upande wa kichwa, na watoto wa kifutu na swila, ambao huingia duniani wakiwa na sumu yao tayari; tukaeleza pia kwamba kumfuga mnyama wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Leo twaingia katika swali ambalo, tangu Mkata hadi Mombo, naulizwa kuliko mengine yote: mtoto wa nyoka kapatikana, kibali kipo, makazi katengenezewa, naye hali.

Watu husema kasusa. Msomaji aniwie radhi nikisimama kidogo juu ya neno hili, kwani nadhani lenyewe linaua nyoka wengi kuliko maradhi. Kususa ni tendo la mwenye kinyongo: mtoto hususa uji kwa kuwa nduguye kapewa mwingi, naye hubembelezwa, na asipobembelezeka hulazimishwa. Basi mtu akishaamini kwamba nyoka wake kasusa, humletea maziwa katika kisahani, kisha nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa, na mwisho, subira ikimwishia, humpanua kinywa kwa kijiti na kumsukumia tonge kooni, ilhali kiumbe yule hana kinyongo na mtu yeyote. Hajaletewa tu kitu ambacho maumbile yake yanakitambua kuwa ni chakula.

Mwezi wa Julai mwaka jana mpwa wangu mmoja wa Chanika, Handeni, baada ya kupata ruhusa ipasayo, alimchukua nyoka wa nyumba asiyezidi shubiri moja aliyekutwa chini ya uchaga wa mahindi, akamweka ndani ya chupa kubwa ya kioo, juu ya meza, mbele ya dirisha, ili kila apitaye amtazame. Nilipofika siku ya kumi na tisa alinipokea mlangoni: "Shikamoo mjomba. Amesusa." Nikainama juu ya chupa, nikaona macho ya nyoka yamefunikwa na ukungu wa buluu, mfano wa maziwa yaliyotiwa maji mengi, na ngozi imefifia, nikajua kwamba yu karibu kujivua gamba, na nyoka aliye katika hali hiyo aghalabu hali, kwa kuwa haoni sawasawa. Fauka ya hayo, kipupwe kilikuwa kimeshika, na nyoka hana moto wake mwenyewe wa kusagia chakula. Hutegemea joto la nje, na akiikosa ile harara ya digrii 28 au 30 hula kwa shida, na hata akila huweza kutapika.

Tukangoja. Alipokwisha kujivua tulimhamishia katika kopo la plastiki lenye matundu madogo ya hewa, tukamtilia majani makavu ya mgomba ya kujifichia na kifuniko cha maji, tukaliweka kando ya ukuta wa jikoni upatao uvuguvugu wa mafiga. Kwani nyoka huyu ni wa usiku na wa mafichoni, na kukaa wazi mbele za watu kwake ni hofu isiyokwisha. Magharibi tulimkamata mjusi wa ukutani, akatuachia mkia ukirukaruka kiganjani, naye tukamwacha aende zake. Kwa mkia ule tukampaka, kichwani hasa, mtoto wa panya aliyekufa, asiyeota manyoya bado, asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe, tukamlaza penye majani, tukafunika, tukaondoka. Watoto wa nyoka hawa wengi huanzia mijusi, na ulimi ule utokao na kuingia huokota chembe za harufu na kuzipeleka kwenye viungo viwili vilivyo kaakaani, na huko ndiko shauri la kula au kutokula linakokatwa. Asubuhi panya hakuwapo, na mpwa wangu, ambaye nilikuwa nimemkataza kuligusa kopo usiku kucha, alinyosha kidole akanionyesha uvimbe mdogo katikati ya kiwiliwili.

Arthur Loveridge, aliyetumika katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924, na ambaye mwaka 1928 alichapa pamoja na Thomas Barbour uchunguzi wa viumbe watambaao na vyura wa milima ya Usambara na Uluguru, alikuwa akiyapasua matumbo ya nyoka aliowakusanya na kuandika alichokikuta humo. Laiti ningalifuata mwendo huo wa kuuliza tumbo kwanza! Zamani, karibu na mto Luengera huko Korogwe, niliwekewa mikononi nyoka mwembamba kama kalamu, asiye na sumu, aliyekuwa akisugua magamba yake hata yakatoa mlio wa kifutu. Nikampa panya, nikampa mjusi, nikampa tena panya, na mwezi wa pili akafa. Alikuwa nyoka mla mayai, ambaye meno yake ni haba na madogo mno, na ambaye huvunja ganda kwa ncha za uti wa mgongo zilizojitokeza kooni. Hali kingine chochote, na yai la kuku halipiti katika kinywa cha mdogo kama yule. Yeye alihitaji yai la chiriku au la mnana. Amkutaye mtoto wa nyoka huyu namsihi amrudishe mtini alikomtoa.

Aliyeanguliwa juzi asisumbuliwe kwa chakula, kwa sababu yumo bado katika riziki ya kiini cha yai mpaka ajivue mara ya kwanza, takriban wiki moja au mbili. Aliye mkubwa kidogo, maadamu ana maji na mwili wake ni mviringo, huweza kustahimili majuma kadhaa. Bali uti wa mgongo ukianza kusimama kama ukingo wa kisu, apelekwe kwa daktari wa mifugo, wala asipanuliwe kinywa nyumbani, kwani taya zake huumia upesi. Akishakula asishikwe kwa siku mbili au tatu.

Nyoka wa Chanika alikula tena siku ya saba, kwa mkia wa mjusi mwingine. Mara ya tatu tulimpaka panya puani tu. Mara ya nne mjusi hatukumtafuta.