Turubai Linalokunjwa: Pacita Abad na Sanaa ya Kuhamahama

Mwaka 2023 makumbusho ya Walker Art Center mjini Minneapolis, Marekani, yalifungua maonyesho ya kazi zaidi ya 100 za Pacita Abad, mchoraji Mfilipino aliyefariki mwaka 2004. Hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho ya kwanza kukusanya pamoja kazi za maisha yake yote. Kutoka Minneapolis yalikwenda San Francisco, New York na Toronto. Mwaka 2024 kazi zake zikatundikwa pia katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, ambayo mwaka huo yalihusu watu wanaoishi ugenini.

Pacita alichora kwa takriban miaka 30 na kuacha maelfu ya kazi. Kwa nini basi makumbusho makubwa ya Magharibi yakachelewa kiasi hicho kumpa nafasi yake? Jibu limo katika kazi zenyewe: jinsi alivyozitengeneza, na maisha yaliyomfanya azitengeneze hivyo.

Binti wa wanasiasa

Pacita alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1946 mjini Basco, katika visiwa vya Batanes, pembe ya kaskazini kabisa ya Ufilipino, ambako kimbunga ni mgeni wa kila mwaka. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanasiasa. Baba yake, Jorge Abad, aliiwakilisha Batanes bungeni. Pacita naye alisomea sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazamia kuwa kitu kingine ila mwanasheria.

Uchaguzi wa mwaka 1969, enzi za Rais Ferdinand Marcos, ulibadili mwelekeo huo. Pacita alishiriki kuandaa maandamano ya wanafunzi kupinga jinsi uchaguzi ulivyoendeshwa Batanes, na nyumba ya familia yao jijini Manila ikamiminiwa risasi. Wazazi wakaona heri aondoke nchini. Mwaka 1970 akafunga safari kwenda Madrid kusomea sheria, lakini alipopitia San Francisco hakuendelea tena na safari. Alibaki pale akisoma historia ya Asia, akijikimu kwa kushona nguo na kupiga taipu. Ushonaji ule wa kutafutia riziki ungekuja kuwa msingi wa jina lake.

Huko alikutana na Jack Garrity, mchumi wa masuala ya maendeleo aliyekuja kuwa mume wake. Mwaka 1973 wawili hao walivuka Asia kwa njia ya nchi kavu, kuanzia Uturuki, wakipita Iran na Afghanistan, hadi Ufilipino. Njiani Pacita alinunua vitambaa, akavaa mavazi na mapambo ya kila alikopita, na kukaa na wanawake wanaofuma na kudarizi. Aliporudi Marekani aliachana na wazo la kusomea sheria akaingia darasa la uchoraji, kwanza Washington kisha New York.

Kazi ya Jack iliwahamisha kila mara: Bangladesh, Sudan, Thailand, Ufilipino, Indonesia, na mwishowe Singapore. Mahali pengi mke wa mtaalamu wa kigeni hubaki ndani ya ua wa wageni. Pacita alitoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa Thailand, alikwenda kwenye kambi za wakimbizi wa Kambodia waliokimbia utawala wa Pol Pot, akawachora wakimbizi kwa rangi za mafuta. Mojawapo ya kazi za kipindi hicho, *Flight to Freedom* ya mwaka 1980, inaonyesha msururu wa watu waliobeba watoto na vifurushi. Leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Singapore.

Uchoraji unaoshonwa

Picha za kambini zilikuwa bado bapa, rangi juu ya turubai, kama alivyofundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa Boston, rafiki yake aliyekuwa akitengeneza wanasesere alimwonyesha namna ya kujaza kitambaa na kukishona mpaka kitutumke. Pacita akachukua mbinu hiyo na kuiingiza kwenye uchoraji. Mtindo huo aliuita trapunto, jina la Kiitaliano la ushonaji wa kujaza.

Kazi ilikwenda kwa hatua. Alianza kwa kupaka rangi turubai lisilowambwa kwenye fremu. Kisha aliweka kitambaa kingine nyuma, akajaza pamba katikati, na kushona kwa mkono akifuata mistari ya mchoro, hadi uso au jani likainuka kama maua ya mfarishi. Mwisho alipamba: vitambaa vya batiki, tepe, vifungo, puleki, vioo vidogo, shanga, kauri. Kazi moja kubwa iliweza kuchukua miezi, na baadhi zilirudiwa na kuongezewa kwa miaka kadhaa.

Mbinu hii ilimfaa mtu asiyekaa mahali pamoja. Turubai lililowambwa kwenye fremu ya mbao yenye upana wa mita tatu halisafiri kirahisi, lakini la Pacita hukunjwa, hubebwa na kutundikwa tena mji mwingine. Likining'inizwa katikati ya chumba, mtazamaji hulizunguka na kuona mgongoni safari ya sindano, pale ambapo kazi ya mikono haijafichwa na rangi.

Mtindo huo ulimwezesha pia kuzungumza na mafundi wa nchi alizopita kwa vitendo. Mfululizo wake wa vinyago ulichota kutoka Papua New Guinea, Sri Lanka na Afrika. Kazi alizoziita *Bacongo*, za mwaka 1986, zinatokana na vinyago vya Wakongo. *Marcos and His Cronies*, aliyoianza mwaka 1985, ilimchora dikteta wa nchi yake kwa umbo la kinyago cha Sri Lanka cha kuagua maradhi, akizungukwa na vibaraka wake. Kuchagua kinyago hicho ni hukumu: utawala ule aliuona kuwa ugonjwa.

Nyuso za wahamiaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiishi Washington, aligeukia watu aliowafahamu kwa karibu zaidi, wahamiaji. *I Thought the Streets Were Paved with Gold*, ya mwaka 1991, inawahusu watu waliofika Marekani wakitarajia utajiri na kuishia kwenye kazi za kusafisha, kushona na kulea watoto wa wengine. Katika *L.A. Liberty*, ya mwaka 1992, Sanamu ya Uhuru ya New York inakuwa mwanamke wa rangi ya kahawia aliyevaa vazi la rangi nyingi, kwa sababu sanamu ile ilikuwa imezoeleka kama ishara ya kuwapokea Wazungu waliotoka Ulaya.

*Filipinas in Hong Kong*, ya mwaka 1995, inawaonyesha wafanyakazi wa ndani wa Kifilipino waliojazana katikati ya jiji siku yao ya mapumziko. Kazi hiyo sasa ni mali ya taasisi ya Art Jameel ya Dubai, ambayo mwaka 2021 ilifanya maonyesho ya Pacita. Mahali hapo panafaa. Ghuba ni nyumba ya muda ya Wafilipino wengi, na humo humo wanafanya kazi za ndani wanawake kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Msomaji mwenye dada au shangazi Dubai au Muscat hahitaji kuelezwa thamani ya siku moja ya mapumziko kwa wiki.

Kwa nini walichelewa

Ufilipino ilimtambua mapema: mwaka 1984 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya taifa ya vijana bora kumi, ambayo hadi wakati huo ilitolewa kwa wanaume peke yao. Magharibi hali ilikuwa tofauti. Sindano na uzi vilihesabiwa kuwa ufundi wa nyumbani, mambo ya wanawake, na kauri na vioo vikaonekana mapambo mengi mno. Hakuwa pia na mji mmoja ambao wakosoaji wake wangemdai kuwa wa kwao. Yale yaliyomfanya awe Pacita, kushona na kuhama, ndiyo yaliyomweka nje ya mlango.

Hakupunguza rangi ili wamkubali. Mwaka 2003, akiwa anatibiwa saratani ya mapafu, alianza kupamba daraja la Alkaff la Singapore, lenye urefu wa mita 55, kwa duara 2,350 za rangi mbalimbali. Lilizinduliwa Januari 2004, na mwezi Desemba mwaka huo huo akafariki.

Makumbusho yaliyomgundua upya hayakuongeza chochote kwenye maturubai yake. Vipimo vyao ndivyo vilivyobadilika. Sanaa yote iliyotokana na mikono ya wafumaji, wadarizi na washonaji inastahili kupimwa upya vivyo hivyo, na wengi wa wenye mikono hiyo bado wako hai. Wasisubiri miaka 20 baada ya kaburi.