Mwalimu wa Masomo ya Jamii Asiachwe Asahihishe Peke Yake

Desemba 2025 wazazi wa Kwale, sawa na wenzao kote nchini, walipokea kwa mara ya kwanza matokeo ya KJSEA, tathmini inayofanywa mwishoni mwa Gredi ya 9. Waliozoea alama za KCPE, mtihani wa zamani wa mwisho wa shule ya msingi, zilizojumlishwa hadi 500, walikuta herufi: EE1, ME2, AE1 na nyinginezo, ngazi nane zenye pointi kuanzia 8 hadi 1. Siku zile kila mtu alitaka kuelezwa maana ya herufi hizo. Mimi nataka kueleza zinakotoka, kwa sababu si zote zinazotoka kwa wasahihishaji wa mtihani. Asilimia 60 ya alama ya mwisho ni mtihani wenyewe wa Gredi ya 9. Asilimia 20 ni matokeo ya KPSEA ambayo mtoto aliifanya akiwa Gredi ya 6. Asilimia 20 inayobaki ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na hizo anayezisahihisha ni mwalimu wake mwenyewe, awe yuko Diani, Msambweni au Lunga Lunga.

Kwa mwalimu wa hisabati mzigo huo una kikomo. Jibu likiwa 48, ni 48 Ukunda na ni 48 Kisumu. Mwalimu wa Masomo ya Jamii hana nafuu hiyo. Yeye anapima hoja, ramani, mahojiano na mzee wa mtaa, mpango wa kusafisha ufuo. Hapo hukumu ya mwalimu ndiyo alama, na hukumu isipolinganishwa na ya wenzake, mtoto wa shule moja anaweza kupewa EE, yaani kuzidisha matarajio, kwa kazi ambayo shule ya jirani ingeipa AE, kukaribia matarajio.

Utaratibu wenyewe ni huu. Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, huweka kazi za tathmini kwenye tovuti yake. Shule huzipakua na kuzichapisha, wanafunzi huzifanya, mwalimu hulinganisha kila kazi na jedwali la vigezo, kisha alama hurudishwa kwenye tovuti ile ile. Jedwali hilo lina ngazi kuu nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Kila ngazi imeelezwa kwa maneno machache, na kwa maneno hayo machache mwalimu anatakiwa kupima darasa zima. Mtandao ukisumbua, ananunua bando kwa pesa zake.

Tuchukue mfano. Gredi ya 8 huko Gazi wamepewa kazi: chora ramani ya kijiji chenu ukionyesha maliasili zake, kisha ueleze ni nani anayeamua jinsi mojawapo inavyotumika. Gazi ina mengi ya kueleza. Tangu 2013 wenyeji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja: wanalinda hekta 117 za mikoko, wanauza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, na mapato yanaingia kwenye miradi ya kijiji kama maji na shule.

Mwanafunzi wa kwanza analeta ramani safi. Ina mshale wa kaskazini, ina ufunguo, bahari imepakwa samawati na mikoko kijani. Chini ameandika kwamba mikoko ni muhimu kwa mazingira na kwamba serikali inapaswa kuitunza. Wa pili analeta ramani iliyopinda, ufunguo haujakamilika, barabara ya kwenda Msambweni imepita pasipo pake. Lakini pembeni ameeleza kwamba watu huitwa mkutanoni, kwamba mama yake alitaka pesa ziende kwenye maji ilhali jirani alitaka madawati, na kwamba waliokuwa wakikata boriti za kuuza hawakufurahi walipokatazwa. Ni yupi aliyezidisha matarajio?

Wape walimu wawili wazuri kazi hizi mbili na usishangae wakitofautiana. Mmoja atampa wa kwanza ngazi ya juu kwa sababu kazi imekamilika na inasomeka. Mwingine atamchagua wa pili. Msimamo wangu ni kwamba wa pili ndiye aliyejibu swali. Uamuzi wa umma una watu, una mabishano, una aliyepata na aliyekosa, na mtoto huyu ameyaona yote. Wa kwanza ameonyesha ufundi wa ramani, ambao ni stadi halali na una alama zake, lakini sehemu ya pili ya swali ameiacha wazi. Mwalimu aliyempendelea wa kwanza si mvivu. Ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa naye na kumwonyesha wapi vigezo vinasema ramani na wapi vinasema hoja.

Hao walimu wawili wakikaa meza moja kwa saa nzima na kazi hizo mbele yao, wakabishana hadi wakakubaliana, hayo ni mafunzo yanayopita semina nyingi nilizoziona. Kila mmoja atarudi darasani akiwa amebadilika, si katika kusahihisha tu. Wiki inayofuata atatunga swali bora zaidi, kwa sababu sasa anajua jibu bora linafananaje.

Semina tulizo nazo hushuka ngazi kwa ngazi. Wakufunzi wa taifa huwafunza wa kaunti, wa kaunti huwafunza wa kaunti ndogo, nao huwafikia walimu wachache wanaotarajiwa kuwaeleza waliobaki shuleni. Katika kila ngazi siku hupungua na mifano huanguka njiani. Anachopata mwalimu wa Kinango mwishoni ni slaidi na maelezo ya jumla. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilizindua mwaka 2021 mpango wa mafunzo endelevu kwa walimu wote, na walimu wengi wakaupinga kwa kuwa walitakiwa kujilipia. Walikuwa na haki. Mwajiri anayetaka ujuzi mpya ndiye wa kuugharamia.

Na ujuzi unaotakiwa ni mwingi. Sekondari ya Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, walimu walioletwa walikuwa wamesomea masomo mawili ya sekondari, kwa mfano Historia na Dini, au Jiografia na Hisabati. Kisha jopo la rais la marekebisho ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, likatoa ripoti yake mwaka huo huo, masomo ya ngazi hiyo yakapunguzwa hadi tisa, na Stadi za Maisha zikaunganishwa na Masomo ya Jamii. Kupunguza masomo lilikuwa jambo la busara kwa mtoto. Kwa mwalimu lilimaanisha kwamba mtu mmoja sasa anafundisha historia, jiografia, uraia na stadi za maisha, na pengine ni moja tu kati ya hizo aliyoisomea chuoni.

Wazazi wengi hawajui pia jinsi somo hili linavyopimwa Gredi ya 6. Halina karatasi yake. Limewekwa pamoja na Sanaa na elimu ya dini, na maswali ni ya kuchagua jibu. Mwalimu wa Gredi ya 4 hadi ya 6 akifundisha kwa kuangalia karatasi hiyo peke yake, atazoesha watoto kutambua jibu lililokwisha kuandikwa. Mwaka unaofuata, Gredi ya 7, mtoto huyo huyo anaambiwa achunguze, ahoji, aandike maoni na kuyatetea, na mwishoni mwa Gredi ya 9 Masomo ya Jamii yanamjia kama karatasi kamili kwenye KJSEA. Tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ina mikondo mitatu, na mmoja wao ni Sayansi ya Jamii. Atakayeunda mawakili, wanahabari na wasimamizi wa kaunti wa kesho ni mwalimu huyu tunayemzungumzia.

Nyenzo basi? Kusini mwa Pwani tuna nyenzo ambazo fedha haziwezi kununua. Kaya Kinondo, hapo karibu na Diani, ni mojawapo ya misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na hilo peke yake ni somo zima la sheria isiyoandikwa inayotiiwa. Kuna Msikiti wa Kongo kwenye mlango wa mto Mwachema. Kuna mapango ya Shimoni na historia yake ya utumwa. Gazi ilikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 hadi akavuka kuingia eneo la Wajerumani. Shimba Hills ndiko palahala wanakopatikana nchini Kenya.

Kinachokosekana ni karatasi mbili au tatu zenye habari za kuaminika kuhusu kila mojawapo, picha moja, na maswali ya kuanzia, zikiwa mikononi mwa mwalimu siku anapozihitaji. Vitabu vya taifa haviwezi kufanya kazi hiyo. Angalia mgodi wa titani wa kampuni ya Base uliokuwa Maumba na Nguluku: ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013 na kuufunga Desemba 2024. Kitabu kilichochapishwa katikati ya miaka hiyo bado kinamwambia mtoto kwamba Kwale inachimba madini hayo, wakati mtoto mwenyewe anaona malori hayapiti tena. Na swali lililo hai leo, ardhi ile itumiwe vipi na nani, halimo kitabuni. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 70 ya mrabaha ni ya serikali ya kitaifa, 20 ya kaunti, 10 ya jamii. Mwalimu aliyepewa mgao huo pamoja na ramani ya eneo ana kipindi cha uraia ambamo hakuna atakayesinzia.

Mambo mengine yanahitaji zaidi ya karatasi, maana yanauma. Wamakonde wa Makongeni waliishi Kwale kwa vizazi bila vitambulisho. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na uraia kwa miaka mitano. Muda ukaisha Agosti 2016 wakiwa bado nje. Oktoba mwaka huo wakafunga safari ya miguu kuelekea Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha vitambulisho vikaanza kutolewa. Wapemba, waliokuwa katika hali hiyo hiyo, walitambuliwa baadaye, mwaka 2023. Mwalimu wa Msambweni anayefundisha haki za raia anaweza kuwa na wajukuu wa safari ile mbele yake, wameketi kando ya watoto wa majirani waliowahi kuwaita wageni. Ardhi na uskwota ni hivyo hivyo. Mwalimu asiyefunzwa jinsi ya kuongoza mjadala wa namna hiyo ataukwepa, na simlaumu. Lakini akiukwepa, watoto watafundishwa na vijiwe.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitajwi sana. Wazee wenye historia hii wanazungumza Kidigo, Kiduruma au Kivumba. Mtoto huwasikiliza kwa lugha hizo, kisha anatakiwa kuandika kwa Kiingereza. Mwingine anayaelewa mambo barabara ila sentensi zake zinavunjika. Vigezo vya Masomo ya Jamii havipimi ufasaha wa Kiingereza, lakini macho ya msahihishaji aliyechoka hupima bila kujua. Walimu wakisahihisha pamoja, mmoja wao humkumbusha mwenzake.

Wazo kwamba mtoto aanzie hapo alipo si geni kwetu. Agosti 1968 wajumbe wa nchi kadhaa za Afrika walikutana Mombasa kujadili Masomo ya Jamii katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa Afrika wa somo hilo, makao yake Nairobi. Walitaka mtoto achunguze jamii yake kabla ya kukariri ya mbali. Kusahihisha kwa pamoja nako kumejaribiwa. Jimbo la Queensland, Australia, liliachana na mitihani ya nje mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa zaidi ya miongo minne likategemea alama za walimu, zikikaguliwa na majopo ya walimu wa wilaya waliolinganisha kazi halisi za wanafunzi wa shule mbalimbali. Mitihani ya nje ilirudishwa huko mwaka 2020, kwa hiyo si muujiza. Ila hakuna aliyedai kwamba walimu wa Queensland walikuwa wakihukumu gizani.

Kwale ingeweza kuanza muhula ujao bila kusubiri Nairobi. Maafisa wa TSC wanaosimamia mtaala katika zoni wapo, na kazi yao tayari ni kuwafuata walimu shuleni. Waite walimu wa Masomo ya Jamii wa shule tano au sita zilizo karibu, alasiri moja kila muhula, kabla alama hazijapandishwa kwenye tovuti. Kila mwalimu aje na kazi tatu za wanafunzi wake, majina yamefunikwa: moja anayoamini ni ya juu, moja ya chini, na moja iliyomsumbua. Hiyo iliyomsumbua isomwe kwanza. Zitakazokubaliwa zipigwe picha na kuhifadhiwa pamoja na maelezo ya kwa nini zimepata ngazi hiyo, ili mwalimu atakayehamia Kinango au Shimoni mwaka kesho azikute. Serikali ya kaunti, ambayo Katiba imeipa elimu ya chekechea lakini si hii, inaweza kuchangia nauli, chai na uchapishaji bila kuvuka mpaka wa kazi yake. Nayo bodi ya shule imruhusu mwalimu aondoke saa nane mchana siku hiyo, bila kumkata na bila kumnunia.