Turubai, sakafu au kichanja: Kuanika korosho ni hesabu

MKULIMA wa korosho wa Masasi au Newala hufanya uamuzi mmoja ambao wengi huuona mdogo: aanike wapi korosho zake kabla ya kuzipeleka chama cha msingi. Hapo ndipo huamuliwa kama mzigo utapokelewa daraja la kwanza, utashushwa daraja la pili, au utarudishwa nyumbani ukaanikwe upya.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2005. Chini ya mfumo huo, korosho hukaguliwa na kupimwa chamani, hukusanywa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Mzigo mbichi wa mkulima mmoja ukichanganywa na wa wenzake, wote huumia.

Mnunuzi naye ana sababu ya kuogopa unyevu. Korosho ghafi nyingi za Tanzania hupelekwa India na Vietnam, na hukaa ndani ya makontena kwa wiki kadhaa. Joto la mchana hupandisha unyevu uliobaki kwenye korosho. Usiku bati la kontena hupoa na unyevu ule hugeuka matone yanayodondokea mzigo. Kinachofuata ni kuvu. Ndiyo maana korosho ya kuhifadhiwa inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 10.

Unyevu unatokea wapi?

Kukausha si joto peke yake. Maji yakishatoka kwenye korosho lazima yapate njia ya kwenda zake. Njia za kuanikia zinatofautiana hapo.

Turubai ni la haraka, hubebeka, na huzuia unyevu wa ardhini na mchanga. Kasoro yake ni kwamba halipitishi hewa kwa chini, hivyo korosho za chini hubaki mbichi zisipogeuzwa. Mkulima akizifunika kwa nailoni usiku zikiwa bado na joto, asubuhi hukuta matone chini ya nailoni, kama yale ya kwenye kontena.

Sakafu ya saruji hushika joto na husafishika kwa urahisi, lakini gharama yake ni kubwa na haihamishiki. Inafaa zaidi kwa chama au kwa kundi la majirani wanaopokezana.

Kichanja cha mianzi au cha wavu hupitisha hewa juu na chini, na kuku na mbuzi hawazifikii korosho kwa urahisi. Hakihitaji fedha nyingi, ila kinataka kazi ya kukijenga, na hakibebi mzigo mkubwa kwa mara moja.

Mahali nako kuna uzito. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na ukungu wa asubuhi huchelewesha kuanika. Huko kichanja kinachopata upepo kina faida. Masasi iko chini zaidi na ina joto, hivyo turubai au sakafu hutosha, mradi korosho zianuliwe kabla ya mvua za Novemba na Desemba.

Piga hesabu kabla ya kununua

Korosho zikitandazwa kwa unene wa sentimita 5, mita moja ya mraba hubeba kilo 25 hadi 30 hivi. Turubai la mita 4 kwa 5 basi hutosha kilo 500. Mwenye magunia sita ya kilo 80 anahitaji moja tu kwa kila awamu ya siku mbili au tatu za jua kali.

Tuseme mkulima ana kilo 800, na robo yake inashushwa daraja kwa sababu ya unyevu na uchafu. Kama tofauti ya bei ya madaraja ni shilingi 400 kwa kilo, hasara ni shilingi 80,000 kwa msimu mmoja. Kila mmoja aweke bei ya kwake, kisha alinganishe na gharama ya turubai linalodumu misimu kadhaa.

Wapo wanaosema korosho mbichi ina uzito zaidi. Ni kweli: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 hubaki kilo 88 zikifika asilimia 9. Lakini kilo 12 zilizopotea ni maji, na ubora hupimwa kwa ratili za kiini zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Maji hayana kiini.

Kabla ya kufunga magunia, mkulima atenganishe korosho na mabibo yote, aondoe changa na zilizooza, na ageuze mara kadhaa kwa siku. Korosho iliyokauka hugonga ndani ikitikiswa, na ganda halibonyei kwa ukucha. Aziache zipoe kivulini, kisha azitie kwenye magunia ya katani au ya juti, si mifuko ya sandarusi, na kuyapanga juu ya mbao mbali na ukuta. Kazi ya siku tatu inaweza kuharibiwa na usiku mmoja kwenye sakafu yenye unyevu.