Gari la Kikundi na Mizigo Mizito: Tufikirie Kabla ya Kuongeza Springi



Vikundi kadhaa tunavyovitembelea, kutoka Othaya hadi Mweiga na Naro Moru, vimechanga pesa vikanunua gari kuukuu: Land Rover, Land Cruiser au pikapu ya Hilux. Gari hubeba viazi na kabichi hadi soko la Karatina, na wakati wa kiangazi huvuta trela ya maji. Baada ya muda limelala nyuma, na mkutanoni mtu anasema, "Tuongeze springi, tutabeba zaidi." Hapo ndipo tunaomba mngoje kidogo.

SPRINGI INAFANYA NINI?

Springi hushikilia uzito. Shokabzoba haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka. Kwa hiyo gari lililolala haliponi kwa shokabzoba mpya peke yake.

Lakini springi ngumu haiongezi nguvu ya breki, ekseli, chesisi wala tairi. Uzito ulioruhusiwa na kiwanda unabaki ule ule. Springi nzuri hurudisha gari katika kimo chake. Haligeuki kuwa lori.

HESABU KWANZA

Tuseme kitabu cha gari kinaruhusu kilo 1,000. Watu watano pamoja na dereva ni kama kilo 350. Zinabaki 650, yaani magunia 13 ya viazi ya kilo 50, kipimo kilichowekwa na sheria mwaka 2019. Gunia la 14 limezidi. Na lumbesa je? Hiyo hamjui hata uzito wake.

Trela nayo ina hesabu yake. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 ni tani nzima, kabla ya kuhesabu trela yenyewe. Trela ikikandamiza ndoano ya gari kwa kilo 100, ekseli ya nyuma haipati 100 tu, kwa sababu ndoano iko nyuma yake. Ikiwa ekseli mbili zimeachana mita 2.7, na ndoano iko mita 1.2 nyuma, ekseli ya nyuma hubeba kama kilo 144, na ya mbele hupunguziwa 44. Mbele ikiinuka, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele hazishiki vizuri, na usiku taa zinamulika macho ya wenzetu.

KAZI YENYEWE

1. Pimeni. Gari likiwa tupu, mahali tambarare, pimeni kwa tepu kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Pakieni mzigo wa kawaida, pimeni tena. Andikeni yote.

2. Anzeni na kilichochakaa: bushi, majani ya springi yaliyovunjika, shokabzoba zinazovuja mafuta. Pengine shida itaishia hapo.

3. Springi zibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kulia. Kwa springi za majani, fundi anaweza kuongeza jani moja kila upande. Mkiongeza mengi, gari likiwa tupu litaruka ovyo, na mgonjwa mnayempeleka hospitali ndiye atakayeumia. Kwa springi za koili, tafuteni koili nzito zaidi za gari hilo hilo. Msikubali vipande vya mbao kati ya koili.

4. Jani lililovunjika lisichomelewe. Moto huharibu ugumu wa chuma, na litavunjika tena.

5. Boliti zinazofunga springi kwenye ekseli ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya siku chache.

6. Angalieni breki. Toyota nyingi za kazi zina valvu iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Valvu hiyo hupima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Gari likiinuliwa bila fimbo kurekebishwa, valvu inadhani gari ni tupu, na inapunguza breki za nyuma hata mkiwa mmepakia. Mteremko wa kwenda mto Gura wakati wa mvua si mahali pa kugundua jambo hilo!

PESA NI ZA WOTE

Chagueni watu wawili waende na gari kwa fundi, wawepo spea zikifungwa, warudi na risiti pamoja na spea za zamani. Kisha andikeni kiwango cha mzigo kwenye karatasi, mkibandike mbele ya dereva. Mkutano umpe dereva ruhusa ya kukataa, hata kama mwenyekiti ndiye anayesema, "Ongeza moja tu." Wanaokaa juu ya yale magunia ni mama zetu na vijana wetu, na hakuna bei ya viazi inayoweza kuwarudisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Gari letu linaruhusiwa kilo ngapi? Nani kati yetu anajua?
- Siku ya soko tunabeba kilo ngapi, watu wakiwemo?
- Je, safari mbili zingetugharimu zaidi kuliko ekseli iliyovunjika?
- Dereva wetu anaweza kukataa bila kuogopa?

Jadilianeni, muandike majibu kwenye kitabu cha kikundi. Tutakapowatembelea tutafurahi kuyasoma pamoja nanyi. Mungu awabariki, na awalinde safarini.