Profesa aliyeona maji ndani ya ngano

KIJANA akisema nyumbani kwamba anataka kusomea jiografia katika chuo kikuu, mara nyingi mzazi hukunja uso. "Ukimaliza utafanya kazi gani? Kuchora ramani?" Wengi wetu tungependa mtoto awe daktari, wakili au mhandisi. Jiografia twaiona kuwa somo la kukariri majina ya mito na milima.

Maisha ya Profesa Tony Allan wa London yatosha kumfanya mzazi wa aina hiyo afikiri upya.

Mwingereza huyo alizaliwa mwaka wa 1937. Alisomea jiografia katika Chuo Kikuu cha Durham, kisha akafunza kwa miaka mingi katika vyuo vya SOAS na King's College, jijini London. Kazi yake ya mwanzo haikuwa na makuu. Alichunguza kilimo na matumizi ya ardhi nchini Libya, nchi ambayo sehemu yake kubwa ni jangwa. Swali alilokutana nalo huko halikumwacha tena: nchi isiyo na maji huwalisha vipi watu wake?

Miaka hiyo wanasiasa na waandishi wengi walikuwa wakitabiri kwamba mataifa ya Mashariki ya Kati yangepigana vita kwa sababu ya maji. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Watu walizidi kuongezeka, ilhali mito ilikuwa ni ile ile. Kwa hesabu za Allan, tangu miaka ya 1970 eneo hilo halikuwa tena na maji ya kutosha kukuza chakula chake lote. Hata hivyo, vita vilivyotabiriwa havikuja. Kwa nini?

Jibu alilipata bandarini, katika meli za ngano.

Ili kupata kilo moja ya ngano, yahitajika takriban lita 1,000 za maji shambani. Kwa hivyo, anayenunua tani moja ya ngano kutoka nje ameepuka kutumia lita milioni moja za maji yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Allan aliyapa jina maji hayo yasiyoonekana, yanayosafiri ndani ya chakula. Alionyesha kuwa yaliyokuwa yakiingia Mashariki ya Kati kwa njia hiyo kila mwaka yalizidi yale ambayo Misri huyatoa mto Nile kwa kilimo.

Lakini alitoa onyo pia. Ngano ya kununua iliwapa viongozi nafasi ya kunyamaza. Hakuna aliyetaka kuwaambia wananchi kwamba maji yamekwisha. Mradi mkate ulikuwepo dukani, marekebisho yaliahirishwa.

Mwaka wa 2008 kazi hiyo ilimletea Tuzo ya Maji ya Stockholm, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa zaidi duniani katika fani hiyo. Alifariki mwaka wa 2021.

Je, haya yatuhusu nini sisi? Chukua mtungi wa lita 20, ule tunaopangia foleni mifereji inapokauka mtaani. Kikombe kimoja cha kahawa kimetumia kama lita 140, yaani mitungi saba. Pakiti ya kilo mbili ya unga wa chapati ni mitungi 100. Kilo ya nyama ya ng'ombe hufikia lita 15,000, nayo ni mitungi 750!

Kenya huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye uhaba wa maji, kwani kila mtu ana chini ya mita 1,000 za ujazo kwa mwaka. Hata hivyo, maua ya Naivasha yanapopakiwa ndegeni kwenda Ulaya, huondoka na maji yetu. Nayo ngano tunayonunua nje, ambayo ni zaidi ya nusu ya mahitaji yetu, hutuletea maji ya wengine. Kama biashara hiyo ni ya faida au hasara, hilo ni swali la mwanajiografia.

Tena ni swali lenye hatari. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka wa 2022, bei ya ngano ilipanda duniani, na mkate ukawa ghali Cairo na hapa Nairobi. Mwenye kutegemea maji ya mbali hutegemea pia amani ya mbali. Na huku jirani, ugomvi wa Nile haujaisha: Ethiopia ilizindua bwawa lake kubwa Septemba 2025, na Misri ingali inalalamika.

Mazungumzo kama hayo huhitaji watu wanaojua mto unatoka wapi, unamnufaisha nani, na nani atalala njaa ukipungua. Basi mwanao akisema anataka jiografia, usimkatize. Mwulize kwanza mkate ulio mezani umekunywa maji ya nchi gani.