Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma zetu za mwambao usemi huu hauna shaka. Katika mpira wa miguu, hata hivyo, yafaa tujiulize kama twautimiza, na mfano tulio nao karibu ni wa Ndugu Juma Mgunda wa Tanga.

Ndugu Mgunda alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Coastal Union walioutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, fahari ambayo klabu hiyo haijaipata tena. Aghalabu mchezaji akishatundika daluga, ujuzi wake huishia barazani, katika masimulizi ya jioni. Yeye alishika njia nyingine: alijifunza ualimu wa mchezo, akarudi kuwafundisha vijana wa klabu ile ile iliyomlea. Mwaka 2019 alikuwa msaidizi wa Etienne Ndayiragije wa Burundi katika Taifa Stars, na timu hiyo ikafuzu fainali za wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika. Tarehe 2 Julai, 2022, aliiongoza Coastal Union katika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha. Vijana wa Tanga walitoka sare ya 3-3 na Yanga, wakashindwa kwa mikwaju ya penalti tu.

Septemba ya mwaka huo Simba ilimwita aishike timu kwa muda. Chini yake Simba iliitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi kwa jumla ya 4-0, kisha ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya 4-1, ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Januari 2023 aliletwa mwalimu kutoka Brazil, na Ndugu Mgunda akawa msaidizi. Aprili 2024 kiti kilipobaki wazi tena, ndiye aliyeitwa kukikalia hadi mwisho wa msimu.

Klabu ina haki ya kumchagua imtakaye, na waalimu wa kigeni wametufaa sana. Haki hiyo hatuibishii. Tunachouliza ni hiki: kwa nini mwalimu mwananchi huitwa mara nyingi wakati nyumba inapoungua, na moto ukishazimika akaombwa kusogea kando?

Historia yetu haituungi mkono katika desturi hii. Timu ya Taifa iliyofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizochezwa Nigeria mwaka 1980, ilinolewa na marehemu Joel Bendera wa Korogwe, akishirikiana na Slawomir Wolk wa Poland. Ilitupasa kungoja miaka 39 kabla ya kuziona tena fainali hizo. Na tulipofuzu fainali za 2025, kwa kuifunga Guinea 1-0 jijini Dar es Salaam tarehe 19 Novemba, 2024, aliyekuwa akiiongoza timu ni Hemed Suleiman, maarufu kwa jina la Morocco, mwana wa Zanzibar ambaye naye aliwahi kuifundisha Coastal Union. Ndugu zetu wa Visiwani wana kila sababu ya kujivunia hilo.

Hata hivyo, sifa peke yake haimjengi mwalimu. Leo Shirikisho la Mpira la Afrika halimkubali mwalimu mkuu asiye na leseni ya daraja la juu katika mashindano ya klabu zake, na leseni haipatikani bila masomo, muda na fedha. Tanga, Pangani, Unguja na Pemba wako wachezaji wa zamani wanaowafundisha watoto jioni kwa jioni, bila cheti na bila malipo. Hao ndio hazina.

Basi ni wajibu wa maofisa wa michezo wa wilaya na mikoa, Bara na Visiwani, kuwatambua watu hao kwa majina, kuwatafutia nafasi za masomo, na kuhakikisha kwamba kila mwaka wachache wao wanapanda daraja. Klabu nazo ziwape waalimu wetu mikataba yenye muda wa kutosha kupanda na kuvuna. Tukifanya hivyo, mcheza kwao atatunzwa kweli, wala hatasubiri nyumba iungue ndipo akumbukwe.