Je, Wajua? Makapi ya Miwa Kanisani

Je, wajua kwamba Mlalo, kule Lushoto, iliwahi kuitwa Hohenfriedeberg? Ni jina ambalo wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikipa kituo chao mwaka 1891. Jina lilipotea, Ulutheri ukabaki.

Je, wajua kwamba kanisa dogo la Bretton, karibu na Wakefield nchini Uingereza, limeitangulia misheni hiyo kwa miaka 147? Lilijengwa mwaka 1744. Siku hizi ni ukumbi wa sanaa wa Yorkshire Sculpture Park. Mwaka 2014 msanii wa China Ai Weiwei alipanga humo viti vya kale vya Kichina, naye mwenyewe hakuweza kufika: serikali ya nchi yake ilikuwa imeshikilia pasipoti yake.

Je, wajua ni nani aliyelijaza kanisa hilo sanamu kuanzia Machi hadi Septemba 2024? Ni jirani yetu, msanii Leilah Babirye, mzaliwa wa Kampala aliyesoma Makerere. Jina Babirye kwa Waganda ni kama Kulwa wa kike. Gazeti la kwao lilimtangaza kuwa anapenda wanawake wenzake. Mwaka 2015 akaondoka, na mwaka 2018 Marekani ikampa hifadhi. Onyesho lake la Bretton aliliita Obumu, yaani umoja.

Je, wajua maana ya ebisiyaga? Ni makapi ya miwa: ile sehemu ya muwa unayoitupa. Kwa Kiganda ndilo tusi wanalotupiwa watu kama yeye. Babirye akalichukua tusi hilo likawa njia ya kazi: huokota vilivyotupwa, minyororo ya baiskeli, vyuma, tyubu za matairi. Hulichonga gogo, huliunguza kwa moto mpaka liwe jeusi, kisha hulipaka nta likang'aa. Tyubu huzisuka kama nywele, na sanamu ikapata kichwa cha mtu aliyejiandaa kwa sherehe. Tazama alivyoziweka Bretton: sanamu za mbao, ndefu kuliko binadamu, na za udongo, zilisimama mahali waumini walipokaa. Mimi naona hapo hasa ndipo penye uzito. Wangapi wamefukuzwa makanisani kwa kupenda wa jinsia yao!

Je, wajua kwamba Mei 2023 Uganda ilipitisha sheria inayofikia adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya mapenzi ya jinsia moja? Kwetu Tanzania, tangu mwaka 1998, kifungo chaweza kuwa cha maisha.

Hata hivyo, Babirye si msanii pekee wa kanda yetu aliyelijibu jambo hili: Nairobi, mwaka 2017, msanii marehemu Kawira Mwirichia alionyesha kanga alizozibuni kuwaenzi wapendanao wa jinsia moja duniani.

Je, wajua jina la ukoo wa sanamu za Babirye? Mtu anayekataliwa na ndugu zake hupoteza ukoo, na bila ukoo Muganda hana pa kusimamia. Kwa hiyo sanamu huzipa koo za Buganda: hii ya Ngabi, yaani pongo, ile ya ukoo mwingine. Mbele ya kila jina la ukoo huongeza neno moja ambalo wapendanao wa jinsia moja wa Uganda wenyewe hujiita: Kuchu.